Hajui Nafasi Yake

Gari lilisikika kabla halijaonekana.

"Tahadhari! Gari linarudi nyuma. Tafadhali kaa mbali. Tahadhari! Gari linarudi nyuma."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, kama ya mtu anayekuamsha usichelewe kazini. Mafundi wote wa gereji wakageuka kutafuta matako ya gari linalorudi. Wakaona pua. Gari dogo jeupe lilikuwa linaingia getini kwa mbele, polepole, taa zake mbili zikiwatazama usoni, na sauti ile haikukoma kuapa kwamba linarudi nyuma. Paka wa gereji alitazama mbele ya gari, akatazama nyuma yake, akaona bora apande ukutani.

Fundi Pole alikuwa ameinamia betri ya lori. Aliponyanyua kichwa na kumwona aliyeshika usukani, koleo lilimponyoka likamwangukia mguuni, wala hakulisikia.

Alikuwa ni shangazi. Si shangazi yake. Angekuwa wake asingetoka jasho. Alikuwa shangazi wa mchumba wake, yule binti muuza vipuri wa duka la ng'ambo ya barabara. Shangazi ndiye aliyemlea binti tangu hajaota meno, na binti alishasema wazi: "Mimi nimekubali, lakini shangazi akisema hapana, ni hapana. Jumamosi njoo nyumbani ule chakula cha mchana. Atakutazama, halafu atakata kauli."

Leo ilikuwa Alhamisi. Mtihani ulikuwa umekuja wenyewe gereji, haukungoja Jumamosi, na ulikuja ukipiga kelele.

Lazima isemwe kwa nini aliitwa Fundi Pole. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na mikono yake haikuwa na shida. Shida ilikuwa ulimi. Kwake gari halikuwa kitu, lilikuwa mtu. "Huyu anaumwa," angesema. "Huyu leo kanuna, hataki kuwaka." Akifungua boneti alianza na pole: "Pole mama, nakugusa kidogo tu." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, likabaki jina. Mchumba wake alikuwa amemwonya juu ya hilo. "Mbele ya shangazi, gari liite gari. Hapendi lugha ichezewe. Mgeni akisema 'kiti yangu', humrudisha mlangoni apige hodi upya."

"Shikamoo, shangazi," alisema Fundi Pole, akifuta mikono kwenye suruali, kisha akikumbuka kwamba suruali ndiyo chafu zaidi.

"Marahaba." Shangazi alishuka. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kikafungika, na mkoba kwapani. "Ndiye wewe fundi wa umeme? Basi leo niuone huo umeme wako. Umelisikia hili?"

"Nimelisikia, shangazi."

"Mtaa mzima umelisikia. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Kikundi chetu kinaitwa Twende Mbele. Jana nafika mkutanoni, wanachama wamejipanga kunipokea, gari linawatangazia: mwenyekiti anarudi nyuma, kaeni mbali. Na wakakaa mbali! Katibu wangu mpaka leo anacheka."

Fundi Pole alijing'ata shavu kwa ndani asije akamfuata katibu.

"Kingine," shangazi aliendelea, "asubuhi haliwaki mpaka niutikise huu mkono wa gia kama natikisa mti wenye matunda. Likiwaka linakwenda kwa gia moja, linanguruma, halibadilishi. Nimepitwa na mtu wa baiskeli. Akanipungia mkono."

Fundi Pole alichomeka mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari. Kioo kikawaza, kikaandika. Akasoma, akasoma tena, akaanza kueleza huku akichunga ulimi kama mtu anayevuka matope na viatu vipya.

"Tatizo liko kwenye saketi ya sensa, shangazi."

"Sensa? Sensa si watu kuhesabiwa?"

"Hii ni nyingine. Iko ubavuni mwa giaboksi. Kazi yake ni kuiambia kompyuta mkono wa gia uko nafasi gani. Kama uko P, gari limepaki. R, linarudi. N, liko huru. D, linakwenda. Kila nafasi ina waya wake wa kupeleka habari. Habari zikichanganyika, kompyuta haijui ishike ipi."

Alisema yote hayo na gari likabaki gari. Shangazi alitikisa kichwa kidogo, kwa namna ya mtu ambaye hajakataa bado, akaenda kukaa kwenye benchi kivulini, akaletewa chai. Fundi Pole alihisi mabega yake yakishuka. Jumamosi ilianza kunukia vizuri.

Ndipo akaja Spana.

Spana alikuwa fundi wa injini, mtu wa makamo, jirani yake wa kazi, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja akitafuna mkate, akaegemea mlango wa gari jeupe. "Vipi, huyu anaumwa nini?"

Na Fundi Pole, akili yote iko kwenye nyaya, akasahau matope, akasahau viatu.

"Huyu mama? Mwili hauna neno. Tatizo liko kichwani. Hajui nafasi yake."

"Hajui kabisa?"

"Kabisa! Yuko mbele, anajiona yuko nyuma. Halafu kelele! Barabara nzima inamkoma. Na asubuhi haamki mpaka atikiswe."

"Ndiyo umri wenyewe," alisema Spana. "Wa miaka ile wote wanakuwa hivyo. Sasa unamfanyaje?"

"Namlaza pale juu ya shimo, namfungua kwa chini, nione nani kamharibu."

Nyuma yao kikombe kiligonga kisahani. Si kwa nguvu. Kiligonga tu, *ka*, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu zake.

"Ni nani huyo," aliuliza shangazi, "asiyejua nafasi yake?"

Fundi Pole aligeuka, akajikuta anatazamana na kitambaa cha kichwa. "Gari, shangazi! Gari! Naapa!"

"Gari hajui, au gari halijui?"

"Ha... hali... halijui."

"Sema yote, nisikie."

Akasema yote, mikono nyuma, kama mtoto wa shule ya msingi mbele ya ubao. "Gari halijui nafasi yake. Liko mbele, linajiona liko nyuma. Haliamki mpaka litikiswe."

"Na huyo wa kulazwa shimoni?"

"Ni lenyewe, shangazi. Nalilaza lenyewe."

Spana alikuwa tayari amejifanya hamnazo. Aliinamia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote, akalikagua kwa umakini mkubwa.

"Kijana," alisema shangazi, akiupandisha mkoba kwapani, "nakwenda sokoni. Nikirudi nataka mambo mawili. La kwanza, gari linyamaze likienda mbele. La pili, uniambie ni nani kalifanya hivi, maana nililinunua na adabu zake. Ukikosa moja kati ya hayo, Jumamosi usijisumbue."

Akaondoka kwa miguu. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kaunta ya vipuri, mchumba wa Fundi Pole alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Shangazi hajapotea vizuri kwenye kona, rundo la matairi mabovu lililokuwa karibu na geti likakohoa. Nyuma yake akatoka mwanamume mwembamba aliyevaa suti ya michezo inayompwaya kila mahali, anahema.

"Ameondoka?"

"Nani, mzee?"

"Mke wangu. Mwenye hili gari. Limepona?"

Fundi Pole alifuta tena mikono kwenye suruali. Huyu basi ndiye mume wa shangazi, kauli ya pili ya Jumamosi. "Bado, mzee wangu. Ndiyo naanza."

"Fanya haraka, mwanangu. Nakufa."

"Unakufa na nini?"

"Mazoezi," alisema mzee, wala hakuongeza neno.

Alionekana mtu wa kutaka kusaidia, na Fundi Pole alihitaji mkono. Wakalisukuma gari juu ya shimo la gereji, mzee akakaa kwenye usukani, Fundi Pole akateremka shimoni na taa na mita yake ya kupimia umeme. Akaifikia soketi ya ile sensa ubavuni mwa giaboksi, ambamo nyaya zote huingia pamoja kama watu kwenye mlango mmoja.

"Mzee, washa swichi tu, usiwashe injini. Halafu weka P."

"Nimeweka."

Waya wa P ukaitika kwenye mita. Nyingine kimya. Vizuri.

"Weka R."

"Tahadhari! Gari linarudi nyuma," ikaanza ile sauti laini, na papo hapo sakafu ya gari juu ya kichwa cha Fundi Pole ikaanza kupigwa miguu: tap tap tap tap tap.

"Mzee! Kuna nini huko juu?"

"Hakuna kitu. Mazoea tu."

Waya wa R ukaitika; kwa makelele yale hakupima nyingine. Nao mzima.

"Weka N." Sawa. "Weka D."

Waya wa D ukaitika. Na waya wa R nao ukaitika. Na ile sauti ikaanza tena, na miguu ya mzee ikaanza tena.

"Hapo!" Fundi Pole alipiga kelele ya furaha. "Nimemkamata! Ni kama mwalimu anaita jina moja darasani, wanaitika wawili. Kompyuta inaambiwa anakwenda, hapohapo inaambiwa anarudi. Wewe ungefanya nini? Si ungekaa gia moja tu uogope! Pole mama, pole sana."

Basi sensa yenyewe ilikuwa nzima; mahali fulani waya wa R na waya wa D zilikuwa zinagusana. Akaufuata mkanda wa nyaya kwa vidole, taratibu, mpaka kidole kikagusa kitu laini kilichoteleza. Akasogeza taa.

Ilikuwa plasta. Si plasta ya umeme. Plasta ya kidonda, ile ya watoto, yenye picha za bata wa njano.

Akaibandua. Pamba yake ilikuwa imelowa maji na oili. Chini yake waya wa R ulikuwa umechunwa kwa meno au kwa kisu cha jikoni, ukaunganishwa na waya mwekundu mgeni uliokwenda mpaka kwenye kispika kidogo cha nyuma, kile kinachosema 'Tahadhari'. Aliyeuchuna alikuwa amemchuna na jirani yake bila kujua. Jirani huyo ndiye D. Pamba ilipokuwa kavu walikuwa salama. Ilipolowa, wakaanza kupiga soga, na asubuhi, umande ukizidi, wakamvuta hata P, gari likagoma kuwaka.

"Mzee," aliita Fundi Pole.

"Naam."

"Ni nani amelifunga gari plasta ya bata?"

Mlango ukafunguka, viatu vya michezo vikaonekana kwenye ngazi ya shimo, na mzee akateremka, akachuchumaa kwenye oili mbele ya fundi, suti na yote.

"Usimwambie," alisema.

Akaeleza. Daktari alikuwa amemwambia apunguze mwili kwa mazoezi. Daktari alisema mara moja, lakini shangazi aliligeuza kuwa sheria: kila akitoka, mzee alitakiwa azunguke ua mbio mpaka mkewe arudi. Mzee yeye alizunguka kochi. Na kwa kuwa ua wao ni mwembamba, shangazi siku zote huingia getini kwa kurudi nyuma. Ndipo mzee akanunua kispika kinachosema, akakifunga mwenyewe gari likiwa geni, akadai limekuja nacho kwa usalama wa watoto wa jirani.

"Nikisikia tu 'Tahadhari', nainuka, najimwagia maji kichwani, nakimbia. Akifika ananikuta nimelowa chapachapa. Anafurahi, nami nafurahi. Nyumba ina amani."

"Sasa?"

"Sasa tangu mvua za wiki iliyopita haikomi! Akitoka, tahadhari. Akipita njia ya nyuma kwenda dukani, tahadhari. Nitajuaje kama anaingia au anapita? Nakimbia. Mwanangu, nimekimbia mpaka suruali zote zinanidondoka. Yeye anawaambia watu mume wake amebadilika." Akamshika fundi mkono. "Litengeneze. Lakini ukinitaja, Jumamosi nitasema hapana hata kabla hujanawa mikono."

Fundi Pole alikaa chini kwenye kopo la oili. Asipomtaja, shangazi atasema hapana. Akimtaja, mzee atasema hapana. Alikuwa amebanwa katikati kama waya wa R na waya wa D ndani ya plasta.

Kwa kuwa hakujua la kufanya na binadamu, alifanya la kufanya na gari. Aliukata ule muungano, akasafisha shaba mpaka ikang'aa, akachomelea upya, kila waya akauvalisha nguo yake, akaufunga mbali na mwenzake. Kispika alikiacha, ila safari hii alikiunganisha kule nyuma kwenye taa za kurudia, kinapostahili. Akapima tena: P peke yake, R peke yake, N peke yake, D peke yake. Akafuta makosa kwenye kompyuta. Hayakurudi.

"Limepona," alinong'ona.

"Limepona kweli?" ilisema sauti ya shangazi juu ya shimo.

Mzee alijibanza kwenye kona ya giza kati ya makopo, akawa mwembamba kuliko wiki nzima ile ilivyomfanya. Fundi Pole akapanda ngazi peke yake, uso umemkauka.

Shangazi alikuwa ameweka kapu lake chini na tayari ameingia garini. Akawasha swichi. P, kimya. N, kimya. Akaweka D, akainua kidole hewani, akasubiri. Kimya kitupu. Hata paka alishuka ukutani kuja kuhakikisha.

"La kwanza umelipata," alisema shangazi. "La pili. Nani?"

Fundi Pole alitazama ardhi. Spana alikuwa amesimama karibu, mkate mpya mkononi, anasubiri kama mtu aliyelipia kiti. Fundi Pole akafungua mdomo, na ulimi wake, kwa kukosa pa kukimbilia, ukaenda ulikozoea.

"Shangazi, huyu hana nia mbaya. Huyu kachoka tu. Kila unapotoka anatamani alale kidogo. Sasa atajuaje umerudi? Ndiyo maana akatafuta sauti ya kumwamsha. Ni woga, si ujeuri. Anakuheshimu mno."

Shangazi alichungulia nje ya dirisha la gari. "Huyo ni gari, au ni mtu?"

"Shangazi, ulimi wangu umeshausikia. Mimi mwenyewe wakati mwingine siwezi kutenganisha."

"Kwa hiyo gari langu linataka kulala nikitoka."

"Nani hataki, shangazi?"

Spana alipaliwa na mkate. Shangazi akatikisa kichwa. "Hujanijibu, kijana. Na R nayo sijaijaribu." Akakanyaga breki, akaweka R.

"Tahadhari! Gari linarudi nyuma."

Kutoka chini ya gari ukasikika mshindo: tap tap tap tap tap. Makopo yakagongana. Pumzi ya mtu ikahesabu kwa bidii, "Moja, mbili! Moja, mbili!"

Shangazi akatoa R. Kimya.

Akaweka R. Tap tap tap tap, "Moja, mbili!"

Akatoa. Kimya. Akaweka. Tap tap tap. Alifanya hivyo tena na tena, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

"Fundi," alisema hatimaye, "hiyo injini ya huko chini nayo ni ya gari langu?"

Fundi Pole alitazama shimoni. "Hapana, shangazi. Hiyo ni ya nyumbani kwako."

Mzee alipanda ngazi, oili magotini, jasho usoni, na plasta moja ya bata ikiwa imemng'ang'ania kiwiko. Shangazi alimtazama kuanzia viatu mpaka kipara. Akaitazama plasta.

"Bata wangu," alisema. "Nimemgombeza mtoto wa jirani kwa wizi wa bata hawa."

"Mke wangu, mazoezi ya mwanzo yalikuwa maji, nakiri. Lakini ya wiki hii ni jasho langu mwenyewe. Nishike tumbo."

Shangazi akamshika tumbo. Mdomo wake ukaanza kucheza pembeni. Akajikaza, ukamshinda, akacheka, na alipocheka kitambaa cha kichwa kilifunguka chenyewe, ikabidi ashikilie kwa mikono miwili. Spana akacheka, paka akakimbia tena.

Alipotulia alimgeukia Fundi Pole. "Hukunidanganya, wala hukumuuza mzee wangu. Ulipitia wapi hapo katikati sijui." Akafuta machozi. "Niambie. Unaweza kuniwekea kitufe kwenye rimoti ya gari? Nikibonyeza, liseme yale maneno yake, hata kama limepaki."

"Mwanangu!" alilia mzee.

Fundi Pole alimtazama mzee. Akamtazama shangazi. Akatazama ng'ambo ya barabara, kwa binti aliyekuwa akifuta vumbi chujio lilelile tangu asubuhi.

"Naweza, shangazi."

"Basi Jumamosi," alisema mzee, kifua mbele, "mimi nasema hapana."

"Utasema ukiwa unakimbia," alijibu shangazi.

Na Jumamosi ikafika. Fundi Pole alipiga hodi mara moja, akaketi kwenye kiti *chake*, akanawa mikono. Binti aliketi upande wa pili, macho kwenye sahani. Chakula kikapakuliwa. Mzee alisubiri kijiko cha kwanza kishuke, akakohoa, akanyoosha shati. "Sasa kuhusu huyu kijana, mimi kwa upande wangu nasema—"

Mkono wa shangazi ulikuwa chini ya meza.

"Tahadhari!" ilisema sauti laini kutoka uani. "Gari linarudi nyuma."

Mzee alikuwa wima kabla hajajua, kijiko mkononi, magoti yanapanda na kushuka. Lakini safari hii hakwenda peke yake. Alimkamata Fundi Pole kwenye ukosi. "Wewe ndiye uliyelitengeneza! Twende, ukimbie nawe!"

Dirishani shangazi na binti waliona wanaume wawili, mmoja na kijiko, mwingine na tai, wakilizunguka gari jeupe lililopaki, ambalo lilikuwa limetulia na likiwaambia wakae mbali.

"Shangazi," binti alisema polepole, "hujasema bado."

"Ngoja. Kila nikitaka kusema, kidole kinataka kubonyeza."

Fundi Pole alipita karibu na dirisha, anahema, tai begani. Alipofika kwenye boneti aliigonga kidogo kwa kiganja. "Pole, mama," alisema.

"Nani anaambiwa pole?" aliuliza shangazi. "Mimi au gari?"

"Nadhani wote, shangazi," alisema binti.

Shangazi akaweka rimoti mezani. Aliitazama ile sahani iliyoachwa, iliyoanza kupoa. "Mwite aingie ale, tupange siku ya harusi. Huyu..." Akasita, akalitafuta neno, akalichagua mwenyewe. "Huyu anajua nafasi yake."

Binti alikuwa ameshafika mlangoni. "Na mzee je?"

"Mzee bado kidogo," alisema shangazi, akaichukua rimoti tena.